Kama Haiko, Itengeneze

Folda ile haikuwa na jina. Ilikaa juu kabisa kwenye kioo cha kompyuta, kabla ya folda ya marehemu Kiragu wa Tetu na ya marehemu Watiri wa Mukurweini, ya manjano kama zile nyingine, ila pale chini ambapo jina huandikwa palikuwa peupe.

"Hii ni ya nani?" Wamucii aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti na kikombe cha chai mkononi.

Nadhira aliitazama. "Si ya mtu," alisema. "Kuna mahali kwa orodha mtu ameacha mstari mtupu, na kompyuta ikadhani ni jina."

Akaifuta, wakaendelea na kazi.

Studio yao ilikuwa ghorofani, nyuma ya steji ya matatu mjini Nyeri. Mwenyewe, Bwana Mutahi, alianza na harusi, lakini mazishi ndiyo yaliyomjenga. Familia za huko milimani zilitaka kila kitu kinaswe: mwili ukitoka mochari, kwaya, mashada, mchanga ukimwagwa. Zilitaka pia kijitabu chenye maisha ya marehemu na picha za rangi. Wamucii ndiye aliyepanga vijitabu. Nadhira alikaa na kompyuta, akipokea kazi ya wapiga picha na kuikata iwe video ya kutazamika.

Zamani wapiga picha walimwaga kazi zao popote. Familia moja ya Karatina iliwahi kuwaita jamaa sebuleni kuangalia video ya baba yao, wakaona jeneza la mtu mwingine. Baada ya aibu hiyo Nadhira aliandika skripti, yaani maagizo machache ambayo kompyuta ingeyafuata kila asubuhi ikiwashwa. Ilisoma orodha ya mazishi yaliyowekwa. Kwa kila jina ilijiuliza: folda ya mtu huyu iko? Ikiwa iko, ilipita. Ikiwa haiko, iliitengeneza, na ndani yake ikatengeneza nyingine ndogo za picha, za video, za sauti na za kijitabu.

Aliiandika juma lile aliporudi kazini baada ya kufiwa na mtoto. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, kabla ya miezi kutimia. Mtoto aliishi tangu alfajiri hadi jua lilipopanda. Nadhira alipozinduka kutoka kwenye dawa, Salim mumewe alikuwa ameketi kando ya kitanda na udongo kwenye viatu. Walikuwa wamekwisha kumzika. Nadhira hakumwona mtoto, wala hakuuliza chochote. Tangu siku hiyo alikuwa kama mguu uliolaliwa: upo, unabeba uzito, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine. Alikula alipowekewa chakula. Watu waliomjia na pole aliwaitikia kwa adabu, na walipoondoka hakukumbuka ni akina nani.

Alipokuwa akiandika ile skripti alikuwa na mazoea ya kuisoma kwa sauti ndogo, kama watu wa kazi hiyo wanavyofanya. "Kama haiko, itengeneze," alisema mara nyingi asubuhi hiyo, midomo ikicheza peke yake. Na alipotaka kuijaribu, kompyuta ikamwomba jina, hakuna jina lililomjia. Akabonyeza tu. Kompyuta ikatengeneza nafasi, ikakaa kimya.

Kesho yake baada ya kufutwa, folda isiyo na jina ilikuwa imerudi.

Nadhira alikagua orodha, hakuona mstari mtupu. Akaongeza agizo jingine kwenye skripti, kwamba ikikuta jina tupu iliruke. Akaifuta folda mara ya pili. Asubuhi iliyofuata ilikuwa pale pale, na safari hii aliifungua. Ndani mlikuwa na zile ndogo za kawaida. Akafungua ya picha, akakuta folda nyingine isiyo na jina. Akaifungua. Ndani yake ilikuwapo nyingine. Akaendelea kubonyeza na kubonyeza, na kila alipofungua palikuwa pametengenezwa pengine, peupe, pakisubiri.

"Nadhi, wacha hiyo kitu," Wamucii alisema kwa upole. "Unabonyeza tangu nikuje. Chai yako imepoa."

"Naangalia inaishia wapi."

"Na inaishia wapi?"

"Haijaisha."

Mwezi ulikuwa Julai, wakati ule ambapo ukungu hushuka kutoka mlimani na kukaa mjini kama umelipa kodi. Taa za maduka ziliwaka mchana. Ndani ya studio kulianza kuwa na harufu. Mwanzoni Wamucii alidhani ni maziwa yaliyomwagika chini ya meza, akapiga deki. Haikuondoka. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha, na chini ya maziwa kulikuwa na jivu lililolowa maji.

Ndipo katika ile folda ya sauti pakaonekana faili. Wapiga picha wote waliapa hawakuiweka. Nadhira alivaa visikilizio, akaicheza, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alisikiliza muda mrefu hadi Wamucii akamgusa bega.

"Ni nini?"

Nadhira alimpa visikilizio. Wamucii alisikia pumzi, fupi fupi, za karibu sana, na kati ya pumzi mlio mdogo wa mdomo ukivuta na kumeza, ukivuta na kumeza. Aliwahi kulea wawili. Hakuhitaji kuambiwa.

"Ni mtoto ananyonya," alinong'ona. Kisha akamtazama mwenzake na kuvua visikilizio haraka. "Nadhi. Nguo yako."

Nadhira alijitazama. Kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa pande zote mbili. Maziwa yake yalikuwa yamekauka tangu zamani. Wauguzi walimfunga kitambaa hadi yakakauka. Aliitazama ile alama ikienea, akavuta mtandio kuifunika.

"Hii kitu si ya kompyuta," Wamucii alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Mimi nitaambia pasta wetu akuje aombe hapa. Na wewe uambie watu wenu. Unanisikia? Usiicheze tena."

"Nimekusikia."

Lakini Wamucii aliposhuka kununua mkate, Nadhira aliicheza tena. Hakuogopa. Tangu hospitali hakuna kitu kilichomfikia, na hiki kilikuwa kimemfikia, kidogo tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya mbali. Hakutaka kiache kugonga.

Nyumbani kwao, mtaa wa Majengo, palikuwa na chumba kidogo ambacho Salim alikipaka rangi ya samawati hafifu mtoto akingali tumboni. Baada ya mazishi alikirudisha kitanda cha mtoto kwa seremala aliyekitengeneza, akafunga mlango. Chumba kilibaki na kuta nne na dirisha moja. Salim akisimama katikati na kunyoosha mikono, vidole vilikaribia kugusa kuta mbili kwa pamoja.

Salim alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, akavua viatu mlangoni, na kabla hajaingia akasikia nyayo ndogo, pekupeku, kutoka upande wa chumba kile. Zilikwenda pole pole, tapu, tapu, kama za mtoto anayejifunza. Akasimama na kiatu mkononi akingoja zifike ukutani na kugeuka. Hazikugeuka. Zilikwenda tu, zikawa ndogo, zikawa mbali, zikaendelea kwenda huko mbali hadi masikio yake yakachoka kuzifuata. Na chumba chenyewe ni kile ambamo mtu mzima hawezi kupiga hatua nne.

Alimkuta Nadhira jikoni, akimenya viazi.

"Kuna nani ndani?"

"Hakuna."

"Nadhira, nimesikia mtu anatembea."

Hakuinua macho. "Na mimi huwa nasikia," alisema. "Ameanza juzi. Kabla ya hapo alikuwa anatambaa."

Salim aliweka kiatu chini taratibu sana. Aliona mlango wa chumba umeachwa wazi kidogo, na pale kizingitini, sakafuni, kikombe cha maziwa. Kilikuwa kitupu, na ndani yake kulikuwa na utando wa kijivu.

"Hicho ni chakula cha nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Analia nisipoweka."

Hakumgombeza. Tangu siku ile ya hospitali walikuwa wakizungumza kama wapangaji wawili, chumvi iko wapi, mafuta yameisha, na alikuwa amesahau jinsi ya kumgombeza au kumshika. Alivaa viatu vyake, akatoka, akaenda kwa Nyanya Rehana.

Nyanya Rehana alikuwa bibi aliyekwisha kupita makamo, mfupi, mwenye macho makali na sauti ya kukwaruza. Ndiye aliyeosha maiti za wanawake na watoto wa Kiislamu pale mjini. Wenye kusumbuliwa na majini pia walimwendea, kwa siri, na si Waislamu tu. Alikuja jioni hiyo hiyo, kukiwa bado kweupe, na kapu lenye chupa ya maji, ubani na ndimu. Aliketi na Nadhira sebuleni, akamshika mikono, akaigeuza.

"Unaogopa, mwanangu?"

"Hapana, Nyanya."

"Hapo ndipo pabaya," bibi alisema. "Mwenye kuogopa hufunga mlango."

Alimuuliza mambo yalivyoanza, na Nadhira akamweleza yote bila haraka: skripti, folda, sauti, kikombe. Bibi hakujua kompyuta, lakini aliposikia yale maneno alimsimamisha.

"Ulisema nini? Kama haiko?"

"Kama haiko, itengeneze. Ni agizo la kutengeneza nafasi."

"Na ulipoulizwa nafasi ya nani?"

"Sikusema kitu."

Nyanya Rehana alichukua kapu lake. Kisha akainuka, akaenda hadi mlango wa chumba kile, akausukuma kwa ncha ya kidole. Chumba kilikuwa kitupu, samawati, na mwanga wa ukungu dirishani. Ukuta wa pili ulionekana wazi, hapo mbele tu. Bibi akatoa ndimu kapuni, akaisomea, akainama na kuibingirisha sakafuni.

Ndimu ilibingirika. Waliiona ikifika katikati ya chumba, kisha hawakuiona tena, lakini sauti yake ilikuwa bado inakwenda juu ya saruji, grr, grr, laini, na wote watatu wakakaa wakingoja igonge ukuta. Haikugonga. Salim alianza kusoma dua chini chini. Ndimu iliendelea kubingirika, mbali, mbali zaidi, kama iliyoangushwa kwenye mteremko usio na bonde, na walipoacha kuisikia hakuna aliyekuwa na hakika kama imesimama au imeupita uwezo wa masikio yao.

Kisha, kutoka huko huko, mtu akacheka kidogo. Cheko la mtoto aliyeletewa mchezo.

Bibi aliufunga mlango kwa mgongo wake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema, akinong'ona. "Aliingia pahali palipotengenezwa pakaachwa bila mwenyewe. Na sasa anapapanua. Nitasoma, nitarudi kesho tusome tena, lakini kusoma kwangu peke yake hakutamtoa, kwa sababu kuna mtu anamlisha." Akamgeukia Nadhira. "Sikiliza, mama. Kitu kimoja hana, na ndicho anachotaka. Atakuuliza jina. Usimpe. Ukimpa, atakuwa wako, na wewe utakuwa wake, na humu ndani hatutakupata. Kesho asubuhi nenda kazini, hicho kitu chako ukifute na agizo lake ulivunje. Umenielewa?"

"Ndiyo, Nyanya."

Salim alimsindikiza bibi hadi barabarani. Aliporudi alisimama mbele ya mkewe kama mtu mwenye neno. Akaenda kulala sebuleni, kiti akiwa amekiegemeza kwenye ule mlango.

Asubuhi Nadhira alikwenda kazini. Alikaa mbele ya kompyuta na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Wamucii alikuwa akimtazama kutoka meza yake, akijifanya anapanga picha za mzee fulani. Nadhira alifikiria kimya kitakachofuata. Alijua kile kimya. Alikuwa ameishi ndani yake. Akaondoa kidole. Hakufuta. Badala yake aliifungua skripti, akalitafuta lile agizo la kuruka jina tupu, akalitoa.

"Umemaliza?" Wamucii aliuliza.

"Nimemaliza."

Ilipofika saa ya chakula alivaa koti na kusema anaumwa kichwa.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba boda boda zilipita zikiwa taa tu. Nyumbani hapakuwa na mtu. Salim alikuwa dukani kwake. Ile harufu ilimpokea mlangoni. Kile kiti kilikuwa kimesogezwa kando, vizuri, kama mgeni anavyosogeza, na mlango wa chumba ulikuwa wazi wote.

"Mama," kitu kilisema huko ndani.

Nadhira alivua viatu, akaingia.

Alidhani atafika ukutani. Alitembea kuelekea ule ukuta wa samawati aliouona mbele yake, na ukuta ulikaa pale pale, na sakafu chini ya miguu yake ikaendelea kuwepo, saruji ile ile, baridi ile ile, na alipotazama nyuma mlango ulikuwa umekuwa mdogo kama kisanduku cha kiberiti kilichosimamishwa, na mwanga wake haukufika tena miguuni pake, na hata hivyo alikwenda, kwa sababu nyayo ndogo zilikuwa zinamtangulia, tapu, tapu, zikisimama kumngoja na kuendelea, na pande zote mbili sasa palikuwa na milango, isiyo na rangi, yote ikiwa wazi, na ndani ya kila mmoja chumba kitupu, na ndani ya kile chumba mlango mwingine ulio wazi, na alijua bila kuambiwa kwamba yote imetengenezwa kwa ajili yake na kwamba angeweza kuipita maisha yake yote bila kuhisi njaa, wala uchungu, wala kitu chochote.

Mkono mdogo ukaingia katika mkono wake wa kulia.

Ulikuwa mkavu. Ulikuwa na vidole vya mtoto, vifupi, lakini havikuwa na kucha, na kiganja kilikuwa laini mno, bila mkunjo hata mmoja, kama kitu kilichofinyangwa na mtu aliyesimuliwa tu kuhusu mikono. Nadhira aliushika. Hakutazama chini. Alihisi kwamba kilichomshika hakikuwa na kimo cha mkono ule, kwamba pumzi yake ilikuwa ikitoka juu, juu sana, karibu na dari kama palikuwa na dari, na kwamba kilikuwa kimeinama kwa subira ili kumfaa.

"Mama," kilisema. "Mimi naitwa nani?"

Alikuwa na jina. Alilichagua peke yake ujauzito ukiwa bado mchanga, hakumwambia mtu. Lilikuwa ulimini.

"Nadhira."

Sauti ya Salim ilifika kwa udhaifu, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Wamucii ndiye aliyekuwa amekwenda dukani kwake, akimwambia kwamba Nadhira ameondoka kazini, na ile folda bado ipo, inaongezeka. Salim alimpitia Nyanya Rehana, na sasa walikuwa mlangoni wote wawili, wakiona chumba kitupu na viatu vya mkewe kizingitini. Bibi alikuwa akisoma bila kupumzika. Kati ya aya na aya alimsukuma Salim bega.

"Mwambie. Nilikuosheeni mtoto yule kwa mikono hii. Nilisikia ulichomwita. Mwambie mkeo."

"Nadhira," Salim aliita. Alikuwa ameshika miimo ya mlango. "Nadhira, nisikilize. Yule mtoto ana jina. Nilimpa. Walinipa nimshike, nikamwadhinia sikioni, nikamwita Yusra. Alinishika kidole, Nadhira. Alikishika mpaka mwisho. Nilitaka kukwambia ulipoamka nikashindwa, na kila siku nikashindwa tena. Yusra nilimzika mimi. Huyo aliye na wewe si yeye."

Ndani huko, Nadhira alisimama.

Lile jina alilokuwa nalo ulimini lilikuwa jingine, na likayeyuka kama kitu cha mchezo. Mtoto wake alikuwa ameitwa, tena na baba yake, akiwa hai, akisikia. Alikuwa na kidole cha kushika. Kwa mara ya kwanza Nadhira aliona uso, si vizuri, uso mdogo uliokunjamana ndani ya taulo la hospitali, na kitu kikampasua kutoka chini ya ule mshono hadi kooni. Kiliuma mno hata akajikunja.

"Mama," kile kitu kilisema, sasa kwa haraka, na sauti haikuwa imeinama tena. "Naitwa nani? Sema. Naitwa nani?"

"Sijui," Nadhira alisema. "Wewe si wangu. Nafasi hii ni ya Yusra."

Mkono ukamkaza. Hapakuwa na kelele. Milango ile ilianza kufungwa, ule wa mbali kabisa kwanza, halafu wa karibu yake, halafu wa karibu zaidi, mmoja baada ya mwingine bila kishindo, ikija, na baridi ikapanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko chake, na aliuvuta mkono, akauvuta tena, akiita jina la mumewe na jina la mtoto bila kujua anaita lipi, hadi kitu kikamwachia kwa ghafla na akaanguka.

Alianguka juu ya Salim. Alikuwa kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Chumba kilikuwa kile kidogo cha siku zote, na chini ya dirisha, penye ukuta, ndimu ilikuwa imelala, nyeusi na kavu kama iliyokaa hapo miaka. Nyanya Rehana aliinyunyizia maji, akaiokota kwa kitambaa, akaifunga.

"Ametoka," alisema. Akaketi sakafuni pale pale, amechoka, na kuomba maji ya kunywa.

Nadhira alilia hadi usiku ukaingia. Salim alimshika, na baadaye na yeye akalia.

Kule studio, Wamucii alieleza kesho yake, kompyuta ilianza kunguruma wakati ule ule wa mchana, na mbele ya macho yake ile folda ikatoweka bila kuguswa. Pasta alikuja hata hivyo, akaomba. Nadhira aliiandika upya ile skripti ikiwa na agizo kwamba ikikosa jina isimame na kuuliza mtu aliye karibu. Harufu iliisha juma lile.

Jumapili iliyofuata Salim alimpeleka makaburini. Kaburi lilikuwa dogo, lililopandwa majani na kuwekwa jiwe tupu kichwani. Jua lilikuwa limetoka, na mlima ulionekana wote, jambo la nadra mwezi ule. Nadhira alichuchumaa, akaweka mkono wa kushoto juu ya udongo. Alihisi ubaridi wake, na chembe za mchanga, na unyevu wa umande. Alimwambia mtoto wake jina lake.

Kisha akaweka na mkono wa kulia, na hakuhisi kitu.

Alikuwa amekwisha kujua. Siku mbili nyuma alikuwa ameuegemeza mkono huo kwenye sufuria ya moto, na harufu ya ngozi ndiyo iliyomwambia. Daktari alimchoma sindano kidole baada ya kidole na kusema huenda ni mshipa, utarudi. Mkono wenyewe ulifanya kazi vizuri. Uliandika, ulishika kisu, ulifunga vifungo. Ulikuwa baridi tu, na mkavu, na ile mistari ya kiganjani ilikuwa ikififia. Hilo hakumwambia Salim.

Walipoondoka makaburini walitembea kwa miguu, Salim upande wake wa kushoto, wakizungumza juu ya maneno ya kuandika kwenye jiwe. Mkono wake wa kulia ulining'inia kando ya buibui. Karibu na lango alitazama chini, akaona vidole vinajikunja, pole pole, bila yeye kuviambia, kama vinavyojikunja vidole vya mtu anayemvusha mtoto barabara. Aliviangalia. Salim alikuwa bado anazungumza. Nadhira alimwitikia, akaongeza mwendo kidogo, kisha, bila kufikiri, akaupunguza tena ili usiwe mwendo wa haraka mno kwa miguu midogo.